Roki ya Gereji ya Bure: Mwongozo kwa Mwenye Sikio

Bendi isiyo na mkataba ikikupa nyimbo zake bure, imekunyang'anya nafasi ya kulalamikia bei. Umebaki wewe na sikio lako, na hapo ndipo wengi wanapovurunda. Kitu cha bure hatukisikilizi, tunakipitia. Wimbo unaanza, nusu dakika haijaisha kidole kimeshagusa wimbo unaofuata na hukumu imeshatoka: kelele tupu. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Muziki wa bure unataka sikio kali kuliko wa kununua, kwa sababu hakuna aliyeuchuja kabla yako. Hakuna lebo iliyotia pesa zake, hakuna prodyuza aliyeukataa wimbo wa nne, hakuna mtangazaji wa redio aliyechagua huu akauacha ule. Mchujaji ni wewe.

Nazungumzia roki ya gereji hasa, maana huo ndio muziki uliozoeana na umaskini tangu utoto wake. Asili yake ni Marekani ya miaka ya 1960. Vijana wa sekondari waliosikia Beatles na Rolling Stones waliunda bendi, wakafanya mazoezi kwenye chumba cha kuegeshea gari nyumbani kwa mzazi wa mmoja wao, wakapiga kwenye dansi za shule, wakachangishana wakarekodi santuri yenye wimbo mmoja upande wa kwanza na mwingine upande wa pili, kisha kila mtu akashika njia yake: chuo, kazi, au jeshi na Vietnam. Nyingi ya nyimbo hizo zingesahaulika kabisa kama si Lenny Kaye, ambaye baadaye alijulikana kama mpiga gitaa wa Patti Smith. Mwaka 1972 alikusanya nyimbo 27 katika santuri mbili zilizoitwa Nuggets, na tangu hapo muziki huu umekuwa ukizaliwa upya kila mahali penye gitaa la bei nafuu na jirani mvumilivu. Detroit ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, Sheffield baada ya 2000, Melbourne baadaye kidogo. Zambia ya miaka ya 1970 nayo ilikuwa na WITCH, bendi ambayo mwimbaji wake alibandikwa jina la Jagari kwa ajili ya Mick Jagger, na gitaa lao lilikwaruza kama la kijana yeyote wa California.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kutenganisha ukali na uzembe. Msikilizaji mgeni huambiwa kwamba muziki huu ni mbichi, hivyo akisikia rekodi mbovu anadhani amepata kitu cha kweli. Sivyo. Rekodi mbovu inaweza kuwa na bendi nzuri ndani yake, na inaweza pia kuwa mbovu hadi kwenye mifupa. Kazi yako ni kusikia kilichoko nyuma ya ubovu.

Mfano wa darasani ni Louie Louie ya Kingsmen, iliyorekodiwa Portland, jimbo la Oregon, Aprili 1963. Maiki ya mwimbaji, Jack Ely, ilikuwa imening'inizwa juu, ikambidi ainue shingo na kupayuka ili asikike mbele ya vyombo. Maneno yakatoka yamefumbika kiasi kwamba FBI, iliyokuwa imepokea malalamiko kwamba yana matusi, iliuchezesha wimbo kwa kasi tofautitofauti na mwisho ikakiri kwamba haielewi kinachoimbwa. Watu hucheka hapo wakaishia hapo. Mimi nakuomba usogee mbele hadi gitaa la solo linapomaliza. Ely anaingia mapema. Anatamka maneno mawili matatu ya ubeti, anagundua wenzake hawajafika, ananyamaza. Mpiga drams, Lynn Easton, anaziba pengo kwa mfululizo wa mapigo, na mzunguko unaofuata wote wanaingia pamoja kana kwamba walipanga. Kosa liliachwa kwenye santuri na liko hadi leo.

Kosa lenyewe halina utamu wowote. Kila bendi hukosea. Tamu ni yale mapigo ya kuziba, kwa sababu yanakuambia kwamba mpiga drams alikuwa akimsikiliza mwimbaji, si akihesabu kichwani mwake peke yake, na kwamba hawa watu walikuwa wameshapiga pamoja mara nyingi kiasi cha kujua mwenzao akiteleza ataangukia wapi. Kwa hiyo ukikutana na kosa kwenye rekodi ya bure, usikimbie na usilishangilie. Sikiliza mapigo manne yanayofuata. Bendi iliyofanya mazoezi hutoka kwenye kosa ikiwa kundi. Bendi iliyokutana juzi hutoka mmoja mmoja.

Kwa sababu hiyohiyo mimi huanza na drams kila ninapopewa kazi ya bendi nisiyoijua. Gitaa linaweza kukudanganya, maana mtu yeyote akichomeka waya na kuongeza sauti atasikika mkali. Drams hazidanganyi, hasa zilizorekodiwa kimaskini. Sonics wa Tacoma, jimbo la Washington, walitoa Here Are The Sonics mwaka 1965, na seti nzima ya drams ilirekodiwa kwa maiki moja. Fikiria maana yake. Leo studio ya kawaida huweka maiki kwa kila ngoma, kisha fundi mitambo hukaa na vidude vyake akapandisha hiki na kushusha kile. Maiki ikiwa moja, hakuna cha kupandisha wala kushusha. Uwiano wote uko mikononi mwa mpigaji: ngoma ya snea akiipiga kwa unyonge, itakuwa nyonge milele, matoazi akiyapiga kwa pupa, yatameza kila kitu. Bob Bennett wa Sonics alijua kuipiga snea kama anabomoa mlango huku akiyaacha matoazi yapumue, na ndiyo maana rekodi ile bado ina ngumi baada ya miaka 60.

Hicho ndicho kipimo chenyewe, na unaweza kukitumia leo hii kwenye simu yako. Subiri kiitikio kifike. Kwa bendi changa, mpiga drams hupandwa na mori pale pale, anahamia kwenye matoazi, na ghafla gitaa na sauti ya mwimbaji vinazama ndani ya mvuke. Wenyewe wanadhani wimbo umepanda, kumbe umefifia. Mpigaji mwenye akili hufikia kiitikio akaongeza uzito wa snea na ngoma ya mguu, matoazi akayagusa tu. Ukisikia kiitikio kinachokuwa kikubwa bila kuwa na ukungu, endelea kusikiliza, maana hapo kuna mtu anayejua anachofanya.

Msomaji aliyekua na muziki wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam hahitaji kufundishwa sana katika hili. Sikio lake limezoea bendi inayopiga kwa pamoja, sauti ya chombo kimoja ikivuja kwenye maiki ya chombo kingine, na anajua kwamba mvujo huo ndio unaofanya usikie watu wako chumbani badala ya kusikia vyombo vilivyopangwa kabatini. Aende na sikio hilohilo. Roki ya gereji nzuri huvuja. Ukisikia kila kitu kimekaa kwenye nafasi yake safi, hakuna kinachogusana na kingine, huku gitaa likinguruma kana kwamba paa linataka kung'oka, jiulize ni nani anayekufanyia mchezo.

Na michezo ipo. Mkwaruzo wa gitaa, ule ukali wa kuchanachana ambao ndio sahihi ya muziki huu, ulianza kwa kuharibu vitu. Mwaka 1964 Dave Davies wa Kinks, London, aliichana kwa wembe spika ya amplifaya yake ndogo, na ndicho unachosikia kwenye You Really Got Me. Vikaja pia vidude vya kukanyaga kwa mguu, na leo programu ya kompyuta itakupa mkwaruzo wa spika iliyochanwa bila kuchana chochote. Sina ugomvi na programu hizo. Bendi isiyo na pesa itumie ilicho nacho. Ila mkwaruzo wa kweli una tabia moja ambayo wa kupaka aghalabu hauna: unafuata mkono. Mpigaji akigonga kwa nguvu, uchafu unaongezeka. Akilegeza kidole, sauti inasafishika kidogo, inakaribia kuwa tamu, kisha inachafuka tena. Chagua ubeti mmoja utege sikio kwenye gitaa tu. Kama uchafu ni uleule toka mwanzo hadi mwisho, kwa nguvu na kwa ulaini, mtu amepaka rangi ukutani. Sikiliza pia kabla wimbo haujaanza. Amplifaya halisi huguna hata ikiwa haijaguswa, na bendi nyingi nzuri huacha nusu sekunde ya mguno huo mwanzoni. Na ukisikia mikwaruzo ya santuri ya zamani kwenye wimbo ambao haujawahi kuwa kwenye santuri, funga. Mtu anayekuuzia vumbi hana cha kukuuzia.

Hapa lazima niweke tahadhari, nisije nikaeleweka kwamba umaskini wa kuchagua ni ulaghai. White Stripes walirekodi sehemu kubwa ya Elephant mwaka 2002 kwenye studio ya Toe Rag, London, kwa tepu ya njia nane sambamba na mitambo ya kale, wakati walikuwa na uwezo wa kwenda studio yoyote duniani. Walijifunga wenyewe. Lakini kamba yao ilikuwa ya kweli: nafasi zikiwa nane, ukitaka gitaa la pili unalipia kwa kupoteza kitu kingine, na uamuzi unaufanya kabla ya kurekodi, si miezi sita baadaye. Kinachonifanya niiheshimu rekodi yoyote ya gereji, ya tajiri au ya maskini, ni kusikia kwamba kuna uamuzi ulifanyika. Programu ya mkwaruzo haimlazimishi mtu kuamua kitu. Wembe wa Davies ulimlazimisha. Spika haikushoneka tena.

Na maadamu nimewataja, niseme neno kuhusu Meg White, mpiga drams wao, aliyekejeliwa miaka nenda rudi kwamba anapiga kitoto. Wanaomkejeli wanapima ufundi kwa idadi ya mapigo. Mtoe Meg kwenye nyimbo zile umweke mpigaji wa vidole vyepesi, na gitaa la mwenzake Jack White litakosa pa kuegemea. Alipiga kile ambacho wimbo ulihitaji, akanyamaza. Bendi chache zisizo na mkataba zimejifunza hilo la pili.

Sasa tufike kwenye sauti na maneno, na ili tufike vizuri inabidi twende Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, kwenye kitongoji cha High Green. Huko ndiko walikotoka vijana wanne waliojiita Arctic Monkeys: Alex Turner, Jamie Cook, Andy Nicholson na Matt Helders. Onyesho lao la kwanza lilikuwa Juni 2003 kwenye baa iitwayo The Grapes. Walirekodi demo zao palepale mjini, studio ya 2fly, kwa fundi Alan Smyth, wakazichoma kwenye CD na kuzigawa kwenye maonyesho yao. Hawakuuza. Waliopewa wakawanakilia wenzao, wenzao wakazipandisha kwenye intaneti, na mkusanyiko wa nyimbo 18 ukaanza kuzunguka kwa jina la Beneath the Boardwalk, jina walilobuni mashabiki kutokana na ukumbi wa Boardwalk, ambako Turner mwenyewe alikuwa akihudumia baa. Kufikia mwanzo wa 2005 bendi ilikuwa ikipanda jukwaani miji ya mbali na kukuta ukumbi mzima unaimba nyimbo ambazo hazikuwa zikiuzwa popote.

Mwaka huohuo walisaini na Domino, lebo huru ya London. Oktoba 2005 wimbo wao I Bet You Look Good on the Dancefloor uliingia moja kwa moja namba moja Uingereza. Januari 2006 ikatoka albamu, na wiki ya kwanza ikauza nakala 363,735, rekodi ya wakati huo nchini humo kwa albamu ya kwanza ya bendi. Jambo la kutazama ni kwamba sehemu kubwa ya nyimbo hizo zilikuwa zimeshapatikana bure. Watu walitoka wakaenda kununua walichokuwa nacho tayari.

Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya intaneti. Mimi naiona kama hadithi ya ubora wa demo, na nakushauri uzitafute uzisikilize kwa namna hiyo. Chukua wimbo uliokuwa ukiitwa Scummy, ambao baadaye ulibadilishwa jina ukawa When the Sun Goes Down na kufika namba moja nao. Unaanza na mtu mmoja na gitaa lake, polepole, kama mtu anayekusimulia jambo barazani: mtaa fulani usiku, mwanamke anayejiuza, mwanamume mchafu anayemzunguka. Unadhani umeshaujua wimbo. Kisha drams na magitaa yanaangukia kwa pamoja na simulizi inageuka mbio. Mwishoni kabisa inarudi ile polepole ya mwanzo. Ukiiweka demo kando ya toleo la albamu, la albamu limenona zaidi, lakini mifupa ni ileile. Studio kubwa haikuwa na kitu cha kurekebisha kwenye muundo. Hii ndiyo alama kuu ninayoitafuta kwenye muziki wa bure: je, wimbo huu unasubiri pesa ili ukamilike? Ukisikiliza ukajikuta unasema hawa wakipata prodyuza mzuri watakuwa moto, umeshajibu. Bado hawajawa moto.

Maneno ya Turner yalikuwa ya mtu aliyesimama kwenye foleni ya teksi saa nane usiku: mabaunsa wa mlangoni, karandinga la polisi, wasichana, ugomvi wa wapenzi, vijana wa suruali za michezo. Na aliyaimba kwa lafudhi ya kwao bila kuisugua. Fake Tales of San Francisco unazicheka bendi za mtaani zinazojifanya zimetoka Marekani wakati kila mtu anajua zimetoka mji wa jirani. Kipimo changu hapo ni ramani. Baada ya nyimbo tatu, je, unaweza kukisia bendi hii inatoka wapi, inaishi na nani, inapanda gari gani kurudi nyumbani? Wengi wa wanaogawa bure wanaimba kuhusu barabara kuu ambazo hawajawahi kupita, kwa mdomo wa kuazima. Hilo fundi mitambo hawezi kulitibu.

Usidhani ninadai kila neno lisikike. Louie Louie imeshatufundisha. Ila kuna tofauti kati ya mwimbaji anayezidiwa na vyombo huku akipambana, na yule anayejificha nyuma ya mwangwi kwa sababu anaona haya kwa alichokiandika. Wa kwanza utasikia vokali zake zinavutika na pumzi inamwishia. Wa pili anaelea tu, kila mstari umelainishwa sawa na mwingine. Mwangwi mwingi kwenye demo, kwa uzoefu wangu, ni pazia.

Kuhusu urefu sina mengi. Dakika mbili na nusu zinatosha, tatu ni za ukarimu, na anayezidisha nne awe na sababu, kama walivyokuwa nayo Arctic Monkeys kwa A Certain Romance. Mwisho wa wimbo una maana zaidi ya urefu wake. Wimbo unaofifia taratibu mpaka kimya, kwa bendi inayodai kwamba nyumbani kwake ni jukwaani, unanitia shaka kwamba hawajawahi kukubaliana namna ya kuumaliza. Bendi iliyopiga wimbo huo mbele ya watu walevi inajua unaishia wapi.

Kisha kuna kutoa kwenyewe, nako kuna ufundi wake, na si kila bure ni zawadi. Septemba 2014 U2 na Apple walisukuma albamu ya Songs of Innocence kwenye maktaba za wateja wa iTunes wapatao milioni 500, hakuna aliyeomba. Watu waliamka wakakuta muziki kwenye simu zao kama mgeni aliyeingia bila hodi, wakakasirika, na Apple ikalazimika kutoa njia maalumu ya kuifuta. Radiohead, Oktoba 2007, waliiachia In Rainbows kwa bei anayotaka msikilizaji, hata sifuri. Lilikuwa jambo la kiungwana, lakini walikuwa wameshatajirika, na aliyepakua alishawajua. Ni tofauti kabisa na kijana anayekukabidhi CD mkononi mlangoni pa baa, akijua asipokupa hutamsikia kamwe. Hana pesa ya kupoteza kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumlipa. Anachokosa ni masikio.

Zawadi niipendayo kuliko zote katika ukoo huu ni ya King Gizzard & the Lizard Wizard wa Melbourne, bendi iliyoanzia kwenye gereji kabla ya kuzurura kila mahali. Novemba 2017 waliitoa Polygondwanaland, albamu yao ya nne kati ya tano za mwaka huo mmoja, na hawakuishia kuigawa bure. Waliziachia hadharani rekodi mama zenyewe, wakamruhusu yeyote anayetaka kutengeneza santuri, kanda au CD afanye hivyo na auze. Vilebo vidogo vya nchi mbalimbali vikachapa matoleo yao, kila kimoja na rangi yake ya santuri. Hapo bendi haikukupa nakala tu, ilikupa mashine.

Kwa bendi ndogo unaweza kupima kutoa kwao kwa mambo madogo. Wametoa nyimbo zao bora au mabaki? Arctic Monkeys waligawa bora zao, hawakuziweka kabatini wakisubiri mkataba. Wanaogawa masalia wanakuomba uwasaidie kufanya usafi. Faili zao zikoje? Anayejali atakupa faili isiyobanwa, au angalau MP3 ya kilobiti 320, na ukiifungua utakuta jina la wimbo, mwaka, nani alipiga nini, wapi ilirekodiwa. Ukikuta imeandikwa wimbo mpya mwisho kabisa namba mbili, jua na drams walizirekodi kwa moyo huohuo. Kama wanataka barua pepe au namba yako ya simu kabla ya kukupa, hayo ni malipo. Yanaweza kuwa malipo ya haki, lakini usiyaite bure.

Namna ya kusikiliza, basi. Anza kwa spika ya simu, ile ndogo mbovu. Besi itapotea, uzito wote utapotea, na utabaki na mdundo, sauti na mstari wa gitaa. Kama wimbo bado umesimama, nenda kwenye spika nzuri, na hapo fanya kinyume cha watu wa roki wote: punguza sauti. Punguza mpaka uweze kuzungumza na mtu juu yake. Muziki wa gereji hutegemea nguvu ya kelele kuficha mengi, na ukiinyima hiyo kelele utasikia kama kuna tuni ndani au hakuna. You Really Got Me ukiipunguza hadi mnong'ono bado inakukamata shati. Ukiridhika, ndipo uipandishe mpaka mwenye nyumba agonge ukuta. Kisha iache siku chache. Ikijirudia yenyewe kichwani ukiwa kwenye daladala, na hasa kama kinachojirudia ni kipande cha besi au pigo la drams badala ya kiitikio, imefaulu.

Na ukishaipenda, inakili. Usitegemee kwamba itakuwepo kesho kwa kuwa ipo leo. Bendi hizi hufa haraka: mmoja anaoa, mwingine anahamia mji mwingine, ada ya ukurasa haikulipwa. Hata zile kurasa kubwa hazina dhamana. Machi 2019 MySpace, ambayo bendi nyingi zisizo na mkataba zilikuwa zimeifanya ghala lao, ilikiri kwamba ilipohamisha data zake ilipoteza muziki wote uliopakiwa kwa takriban miaka 12, nyimbo zaidi ya milioni 50. Baadaye mwaka huo Internet Archive ilipokea nyimbo zipatazo 490,000 ambazo watafiti walikuwa wamezinakili mapema kwa shughuli zao nyingine. Nyingi ya zilizobaki huenda hazikuwahi kuwa na nakala nyingine ila kwenye diski ya shabiki mmoja aliyezipakua akaziweka, pamoja na picha ya jalada na majina ya waliopiga. Nunua diski ya ziada, na ziandike vizuri.